Mazoezi ya kabla ya shambulio la moyo

Sisi tunaoishi Mtwara tuko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, ilhali msuli wa moyo uliokatiwa damu huanza kufa kabla saa moja haijatimia. Kwa sababu hiyo, hali ya moyo kabla ya siku ya shambulio ina uzito mkubwa sana kwetu watu wa Kusini.

Tumezoea kuambiwa kwamba mazoezi huzuia maradhi ya moyo. Lisilosemwa sana ni kwamba hata shambulio likitokea, moyo uliozoezwa huumia kidogo kuliko usiozoezwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa nadra kuliko madereva, na hata walipougua, ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa madereva.

Maabara nazo zimeonyesha jambo hilo kwa panya. Panya waliokimbizwa kwa siku kadhaa kabla ya mshipa wa moyo kufungwa walipoteza sehemu ndogo ya msuli kuliko wenzao waliokaa tu. Mazoezi huongeza ndani ya chembe za moyo vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kemikali mwilini, vinavyozima kemikali haribifu, ambazo huzalishwa kwa wingi damu inaporejea ghafla baada ya kukatika. Kovu likiwa dogo, msuli mwingi hubaki ukisukuma damu, na moyo haupanuki na kulegea upesi.

Hata hivyo kinga hiyo haiwekwi akiba. Panya walioachishwa mazoezi waliipoteza ndani ya wiki chache, nami huwakumbuka wazee wetu waliolima mikorosho Newala na Tandahimba, kisha wakahamia mjini kwa watoto wao, ambako hata sokoni hupelekwa kwa bodaboda. Baba mdogo ni mmoja wao, na husema jembe lilikwisha kumtosha. Nimemsihi aanze kutembea upesi nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, ili zitimie dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ila kwanza akapimwe presha na sukari, na siku kifua kitakapombana asijipe moyo kwamba ni uchovu, bali apelekwe hospitali papo hapo.