Fundi bomba akikuuliza nyumba ni ya mwaka gani, mjibu

Simu ya mama ilinikuta nimelala, saa tisa na kitu usiku, mwezi wa tatu, mvua ndo imetoka kukata. Mama hanipigiagi usiku hata siku moja kwa hiyo kabla sijapokea roho yangu ilishafika hospitali ya Bugando. Napokea, sauti ya kwanza kusikia siyo yake, ni maji, shwaaaa, afu yeye: "Baba njoo, bomba la jikoni limepasuka, nimelifunga na kanga halizibiki."

Nikamwambia mama funga koki kubwa ya nje. Akauliza, ipi? Hapo ndo nikakwama, maana nyumba ile nimezaliwa, nimekulia, nimeolea, na sijui koki ya kufunga maji ya nyumba nzima iko wapi. Kwa kweli iliniuma sana, mama yangu yuko na maji ya kifundo gizani na mimi sina cha kumwambia.

Nyumba yenyewe iko Isamilo, hapa Mwanza, ya miaka ya 60, babu aliisimamisha juu ya mwamba kama nyumba nyingi za upande ule. Mi nakaa Nyegezi. Njiani kwenye boda nikampigia fundi wa kwanza, kijana mmoja mchapakazi kabisa, alinitengenezea bafu kwangu na kazi yake mpaka leo sina shida nayo. Akafika hata kabla yangu. Tatizo ni kwamba alikuja na mashine ya kuchomelea mabomba ya PPR na kopo la gundi ya PVC, yote hayo ni mabomba ya plastiki, na bomba la mama ni la chuma. Vitu vyote alivyobeba havikuwa na kazi pale. Alichoweza ni kutafuta mita na tochi ya simu, kwenye majani nyuma ya choo cha zamani, akaikuta koki imeshika kutu, akaigusa kidogo akaiacha akasema hii nikiilazimisha itakatika shingo tutakuwa na matatizo mawili. Alikuwa sahihi. Akakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akaizungushia pale palipopasuka huku anaivuta kwa nguvu zote, juu akakaza na waya. Maji yakapungua yakawa ya kudondoka, tukaweka ndoo.

Yeye mwenyewe ndo akanipa namba ya mzee mmoja wa Kirumba. Na huyu mzee, kabla hajaniuliza uko wapi, kabla ya bei, kabla ya yote, aliniuliza, "Nyumba ya mwaka gani hiyo?" Nikamwambia miaka ya 60. Akasema sawa, sasa najua nibebe nini.

Alifika alfajiri, akamsalimia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," mama akaitikia na kwa mara ya kwanza usiku ule nikaona uso wake umelegea. Kwenye mfuko wake: spana za bomba mbili, msumeno wa chuma, mashine ya kuchonga nyuzi, yuniyoni ya kuunganishia mabomba, katani na kikopo cha rangi vya kuzibia nyuzi. Nikamuuliza spana mbili za nini. Akanionyesha. Moja anashikilia bomba lisizunguke, ya pili ndo anafungulia, kwa sababu bomba la chuma la zamani ukilizungusha na spana moja, nguvu inasafiri mpaka ndani ya ukuta na kona iliyooza huko inakatika, hapo sasa utabomoa ukuta. Alifanya taratibu mno, yani kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Kipande alichokikata ninacho mpaka leo. Bomba la nusu inchi, kwa nje unaliona zima limepakwa rangi, kwa ndani kutu imejaa tabaka kwa tabaka kama ukoko wa sufuria, tundu lililobaki penseli inapita kwa shida. Miaka yote mama analalamika maji ya jikoni hayana nguvu sisi tunasema ni mgao, kumbe bomba lilikuwa linajiziba lenyewe.

Nikauliza kwa nini usiku sasa, mchana kutwa lilikuwa zima. Mzee akasema mchana watu wote wanachota, usiku mji umelala, koki zimefungwa, presha inapanda. Na Mwanza yetu ni milima, maji yakishuka mita 10 tu kutoka juu yanaongeza presha ya baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo aliye chini ya mlima anabeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Bomba lililochoka linasubiri saa hizo hizo.

Tangu siku ile nimeanza kuangalia nyumba kwa macho mengine. Rafiki yangu amepanga Mabatini, juu kule kwenye mawe, na kule huwezi kuchimba, jiwe ni jiwe, kwa hiyo mabomba yanapita juu ya mwamba pembeni ya ngazi, mengi kwa pamoja, kila moja la mtu wake. PVC ikikaa juani miaka inakuwa ngumu kama biskuti, mtoto akiikanyaga inavunjika, na usiku likipasuka hakuna anayejua ni la nani. Wao wamepaka kila bomba alama ya rangi, juu na kule chini kwenye mita, na mimi naona ni akili kubwa sana ile. PVC yenyewe kuitengeneza siyo kazi kubwa, unakata palipovunjika, unaweka soketi na gundi, ila pawe pakavu na uwe na subira, ukifungua maji gundi haijashika umetwanga maji kwenye kinu. Yale mabomba meusi ya plastiki ya roli ndo rahisi kuliko yote, kiungo chake kinakazwa kwa mkono, hakitaki gundi wala moto.

Dada yangu yeye kajenga Buhongwa juzi juzi tu, PPR nyumba nzima, imefichwa ukutani. Watu wanadhani nyumba mpya haina dharura. Bomba lenyewe kweli halina kutu, shida iko kwenye maungio, fundi akiwa na haraka siku ya kuchomelea basi litakuja kuvuja baadaye na utaliona kwenye rangi ya ukuta inayofura. Afu mashine inataka umeme, inachemka mpaka nyuzi joto 260 hivi, umeme ukikatika usiku fundi anakaa tu na wewe. Na maji yakiwa yanachuruzika ndani ya bomba haishiki vizuri, ndo pale utaona fundi anaomba mkate, anasukumia nyama ya mkate ndani unyonye yale matone wakati anachomelea, baadaye maji yakifunguliwa unalainika unatoka. Nilipoona mara ya kwanza nilishangaa sana. Kwa dada lililomsumbua halikuwa hata bomba, ni boya la simtanki la juu lilikwama, maji yakamwagika usiku kucha yakaingia kwenye silingi. Maji yakishuka kwenye taa, jamani, kitu cha kwanza ni kuzima meni swichi, mabomba yasubiri.

Chemba kurudisha maji wakati wa mvua sitaandika sana, ila naomba mtu asimtume kijana ashuke kwenye shimo la choo kuzibua. Mle ndani kuna hewa inaua, na anayeshuka kumtoa mwenzake naye anabaki.

Kwa hiyo ukinipigia leo usiku unalia bomba limepasuka nitakuuliza kama yule mzee. Nyumba ya lini, bomba ni chuma, ni PVC ya kijivu au ni PPR, ukiligonga linalia vipi, mita iko wapi. Mwambie fundi hayo kwenye simu, mpigie picha umtumie, na bei mkubaliane kabisa kabla hajapanda boda, usiku wana haki ya kudai zaidi ila mjue mapema. Mimi nililipa 70,000 na vifaa pembeni na sijutii hata mia.

Koki ya kutu mzee aliitoa baadaye baada ya maji kufungwa huko mtaani, akaweka mpya ya mpini, robo mzunguko tu maji yamekatika. Mama ameipaka rangi nyekundu, kafyeka majani yote pale, na kila Jumamosi anaifunga na kuifungua isije ikashika. Bafuni bado kuna chuma cha babu ukutani. Hela ikipatikana kabla vuli haijaanza tunaanzia hapo.