Baba amekonda

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Mama alisema hivyo Jumapili, akajifunga kanga vizuri, akaenda jikoni kuangalia maharage yake. Leo Alhamisi, na ile "haya" bado imenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nyumbani tuna kabati la DVD za zamani. Nimezihesabu, ziko 43: harusi, maulidi, hitima, na kipaimara cha familia ambayo hatuijui hata mmoja wetu. Kabati linaliwa na mchwa, deki ilikufa mwaka jana, nikaona nizihamishie kwenye kompyuta kabla hazijafa na zenyewe. Laptopu yangu haina mdomo wa kuingiza diski, kwa hiyo nimeazima draivu ya nje kwa yule bwana wa steshenari.

Karibu zote ni za kuchoma, upande wa chini rangi ya zambarau. Moja iligoma, nikaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, ikasoma. Nikajiona fundi. Ya pili nikaifanyia vilevile, ikakataa katakata. Na zinazokubali zina mambo yake. Mtu akipunga mkono tu, mkono unachanika mistari kama meno ya kitana, kwa sababu kamera za wakati ule zilirekodi kila picha nusu nusu. HandBrake, programu ninayobadilishia video kuwa faili, inaweza kuishona ile mistari ukiiambia. Ukishaiambia, unaiacha ikoroge usiku kucha, ukiomba umeme usikatike. Juzi ulikatika ikiwa imefika asilimia 83. Mungu ananiona nilichosema.

Diski inaingia na GB 4 na ushei, inatoka faili la GB moja na kidogo. Nilikuwa natamba nayo nyumba nzima hiyo hesabu. Jumapili, baada ya adhuhuri, nikamwita mama aje aone. Harusi ya dada, 2008, diski ya kwanza, pale baba anapowapokea wakwe sebuleni kwa babu. Mama akakaa kwenye mkeka, akasogeza uso karibu na kioo. Akatazama kimya. Halafu:

"Mbona baba yako amekonda hivi?"

"Hajakonda, mama. Ni macho tu."

"Hapa alikuwa bado hajaanza kuumwa."

Nami, kwa ulimi huu ambao dada anasema utaniponza siku moja, nikamwambia: "Mama, nimepunguza uzito wa faili, sikumpunguza baba."

Tena nikacheka mwenyewe. Yeye hakucheka. Haya, wewe ndiye msomi.

Tangu hapo imekuwa wiki ya mambo: Jumatatu ofisini wametangaza kwamba idara yetu inaunganishwa na ya manunuzi, Jumanne usiku dada kajifungua salama mtoto wa kiume, alhamdulillah. Katikati ya yote hayo mimi nakaa kwenye daladala narudia sentensi yangu. Sikumpunguza baba. Ningeweza kusema "hebu nitazame, mama". Ningeweza hata kunyamaza. Nimejaribu kuisema upya kwa sauti tofauti tofauti kichwani, kwa upole, kwa utani, kwa kunong'ona, na kila mara inatoka na kile kicheko.

Kinachoniuma zaidi ni suruali. Mwaka 2010, baba alipokuwa anaisha mbele ya macho yetu, mama ndiye aliyepeleka suruali zake kwa fundi kupunguzwa kiuno. Mara tatu mwaka ule. Alikuwa anakwenda nazo kwenye mfuko mweusi, ndani ya kikapu cha sokoni, asizione mtu. Mwili ule aliujua kwa inchi. Na mimi namweleza habari za macho.

Nikajitafutia pa kuponea. Nikasema: ni ile TV bapa. Tangu tuinunue 2014 imekuwa inaivuta picha ijae kioo chote, na kila Idi tukiwasha harusi ile watu wote wanaonekana kama wamenenepa kwa pilau. Mama amemzoea baba aliyevutwa. Akimwona wa kweli anasema amekonda. Hoja safi kabisa. Jana asubuhi nilikuwa karibu kumwendea nayo.

Bahati nzuri nikachukua rula kwanza.

Nyuma ya baba, ukutani, kuna ile saa ya babu, ya duara, na kamera inaitazama uso kwa uso. Nikasimamisha picha, nikaiweka rula kwenye kioo cha laptopu. Kwenda juu sentimita 3.2. Kwenda upande, 3 kamili. Nikapima tena, 3 kamili. Saa ya babu haikuwa yai, mimi nimekulia chini yake.

Nikafungua programu nitazame nilichofanya. Siku ya kwanza nilikuta mahali pa uwiano wa pikseli, yaani nukta za picha, pameandikwa 16 kwa 15, sikuelewa, nikaweka 1 kwa 1 kwa kuwa ilinipendeza. Kumbe picha ya DVD hizi imeandikwa kwa nukta 720 kwa 576, na nukta zenyewe si miraba, ni pana kidogo. Hizo 16 kwa 15 ndizo zinazowarudishia watu upana wao. Nikiziondoa, kila mtu anabanwa. Ile 3 kwa 3.2 ni 15 kwa 16 kamili. Baba alikuwa amekonda kweli, na mama aliliona kwa jicho tupu, bila rula, mbele ya maharage.

Nilikoroga upya usiku huohuo. Leo jioni nimechomeka flashi kwenye TV, nikabonyeza rimoti mpaka picha ikaacha kuvutwa, ikabaki katikati na weusi pembeni. Saa duara. Nikamwita. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kuomba radhi, sikupata nafasi.

"Ehee," akasema, "huyu ndiye." Akatazama mpaka wakwe walipoketi. Kisha akaanza kutikisika mabega, kumbe anacheka. "Lakini yule mnene wa kwenye TV nilikuwa nimeshamzoea. Alikuwa na afya!" Tukacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaniambia, "Mpigie dadako, mwambie mumewe naye amerudi umbo lake."

Nimebaki na diski 19 za kurudia, zote nilizibana mimi mwenyewe. Nitazirudia, hata ya kipaimara.

Ila sasa hivi silali kwa jambo jingine. Asubuhi nimekuta kigingi kwenye kona ya uwanja, upande wa mchungwa, kimepakwa rangi nyekundu kichwani, mbichi bado. Jirani anasema si yeye. Mjumbe hapokei simu. Na kimepigwa ndani ya ua wetu, si nje.