Jicho la Ndoana

Mwezi Juni mwaka 1996, nikiwa likizoni Mufindi kwa mjomba wangu, nilifunga inzi wangu wa kwanza wa kuvulia trauti. Nasema inzi, ingawa ni ndoana tu iliyovikwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu, na huyu wa jioni ile hakukusudiwa kuelea. Trauti, ambao waliletwa katika maji baridi ya nyanda zetu za juu wakati wa ukoloni, hupata sehemu kubwa ya chakula chao chini ya maji, kwa wadudu wachanga ambao hawajaota mabawa. Ndiyo maana inzi wa kuwanasa hutiwa uzito.

Mjomba, aliyekuwa fundi mitambo katika shamba la chai, alinipa ndoana namba 14. (Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, hesabu ambayo hadi leo naiona imegeuzwa.) Ilinibidi nianze kwa kuivika ushanga wa shaba, ncha ikiingilia tundu dogo ili tundu pana litazame nyuma, nilikosea, nikaambiwa niutoe. Ndoana ilipobanwa kwenye jiliwa, nilizungusha waya mwembamba wa risasi mara sita, nikausukuma ukajibanza ndani ya lile tundu pana, kisha nikaufunika kwa uzi. Mkia ulikuwa nyuzinyuzi nne za unyoya wa kanga, na kiwiliwili kilitokana na unyoya wa mkia wa jogoo, ambao huzungushwa taratibu kwa sababu hukatika upesi. Juu yake ukapita waya wa shaba uliotolewa katika mota iliyoungua, ukizungushwa kwa upande wa pili ili meno ya samaki yasiufumue unyoya.

Mara mbili uzi wangu uligusa ncha ya ndoana ukakatika, na mara zote mbili Mjomba alisema neno moja tu: “Fumua.” Wa tatu alikuwa mnene kama mbegu ya alizeti, lakini alikubaliwa. Kwa furaha nikalipaka fundo la mwisho rangi ya kucha ya mkaza mjomba, ile ing'aayo tu, nikapaka na kupaka.

Alfajiri, bwawani, ukungu ukiwa umelala juu ya michai na vidole vyangu vimekufa ganzi, mshipi ulikataa kupita: rangi ilikuwa imepenya katikati ya ushanga na kuliziba jicho la ndoana. Mjomba hakunigombeza. Alichomoa pini kwenye ukosi wa koti lake, akalizibua polepole, akafunga mshipi mwenyewe.

Nilipotupa mara ya nne, inzi alizama vizuri, kisha mshipi ukasimama. Nilidhani umenasa kwenye majani.

“Vuta, mjomba!” alisema.

Nilivuta nikiwa nimeshachelewa. Inzi alirudi peke yake, mkiani zimebaki nyuzinyuzi mbili. Mjomba alimgeuzageuza kiganjani, akasema mbili zinatosha, akanirudishia.