Kabla hujachangia sola Mombasa, tazama nati

Anayerudi Mombasa kwa barabara ya Nairobi baada ya miaka mingi huziba pua akifika Kibarani, kwa mazoea tu. Uvundo haupo. Jaa la taka lililokuwa hapo limefungwa, pamepandwa miti, na hapo karibu daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022 limechukua nafasi ya lile tuta lililoziba hori. Maji sasa yanajaa na kupwa kwa njia yake. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina nayo ilitengenezwa upya 2019. Hayo kila mgeni anayaona na kuyapiga picha. Kazi ya kudumu iko juu ya mapaa ya shule na zahanati, penye paneli za sola, na shinani mwa nguzo za taa, na huko ndiko pesa za mji, pamoja na michango yenu mlio ng'ambo, hupotelea.

Simama kando ya nguzo yoyote ya taa iliyo karibu na bahari, kisha uiname. Juu rangi bado inang'aa. Chini, kama vidole vinne kutoka ardhini, kuna mduara wa kutu. Ukwangue kwa ufunguo utabanduka magamba magamba. Mchanga hapo umeshika unyevu na chumvi, na tuseme kweli, wapita njia wa usiku nao wamepageuza choo. Dawa yake ni kitako cha zege kilichoinuka sentimita 15 juu ya ardhi, chenye mteremko ili maji yasituame, na nguzo iliyochovywa kwenye zinki ndani na nje. Rangi peke yake ni urembo.

Juu ya paa adui ni yuleyule. Kusi hubeba chumvi kutoka baharini miezi na miezi. Fremu ya paneli ni aluminiamu. Ikifungwa kwa nati ya chuma cha kawaida na maji ya chumvi yakaingia katikati, metali hizo mbili hulana. Mwambie fundi alete nati na bolti za stenlesi ya 316, aina inayostahimili chumvi, na usikubali neno lake: kichwani mwa bolti pameandikwa A4. Ikiandikwa A2 hiyo ni 304, nzuri Nairobi, Mombasa haidumu. Kati ya chuma na aluminiamu iwekwe wosha ya plastiki. Paneli ziinuliwe angalau sentimita 10 kutoka kwenye mabati ili upepo upite chini, maana kila digrii ya joto inayozidi 25 hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli yenye digrii 60, jambo la kawaida hapa saa saba mchana, imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo paneli ingeweza hata kulazwa. Lakini ipe mteremko wa digrii 10 kuelekea kaskazini, ili mvua ioshe uchafu.

Na uchafu wenyewe ni kinyesi cha kunguru. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kama vibarua wanaopokezana karai za zege: mmoja akisimama, mstari wote umesimama. Kinyesi kimoja kilichofunika seli moja hupunguza umeme wa paneli nzima, na seli hiyo huweza kupata moto hata ikaungua. Wakati wa masika mvua husaidia. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na mvua ni haba, paneli zioshwe kila wiki mbili, alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini. Msitumie maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi na chokaa. Yakikauka huacha utando mweupe ulio mbaya kuliko vumbi.

Hapo ndipo tangi la mvua linapoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la shule la mita za mraba 200, ukitoa robo hivi inayopotea njiani, huleta lita 150,000. Hiyo ni mitungi 7,500 ya lita 20 ambayo shule isingenunua kwa mkokoteni. Milimita mbili za kwanza, yaani lita 400, zimwagwe: zimebeba kinyesi cha hao kunguru. Bomba la kumwagia maji hayo ya kwanza liwe na tundu dogo chini lijikaushe lenyewe, kwani valvu ya kufungua kwa mkono hakuna atakayeikumbuka mvua ikianza saa nane usiku. Na gata isiyo na mteremko hutuama, ikawa shamba la mbu.

Zahanati zina ugonjwa mwingine. Chanjo zinataka digrii 2 hadi 8, kwa hiyo friji ipewe mfumo wake peke yake. Zipo friji za sola zisizo na betri kabisa, hugandisha barafu mchana na kuishi nayo usiku. Ukiunganisha friji na soketi za ofisini, atatokea mtu na birika. Birika la wati 2,000 likichemka dakika 10 limekula umeme ambao taa ya wati 9 ingewaka nao saa 37.

Kuosha, kukaza nati, kutazama gata: yote haya hushindikana kwa sababu moja ya kijinga. Paa liko mita tano juu na jengo halina ngazi. Kwenye orodha ya vifaa iandikeni ngazi mapema, ya aluminiamu, pamoja na mnyororo na kufuli, maana isipofungwa itaazimwa wakati wa kupaka rangi nyumba ya mtu na haitarudi.