Kuotesha ua wa hothoni kwa mbegu

Nilipotaka kuzungushia kiwanja chetu ua wa miti katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, nilichagua hothoni, mti ambao kitaalamu huitwa Crataegus monogyna, kwa sababu hustahimili upepo wa baharini na udongo mzito wa mfinyanzi, na miiba yake huzuia ng'ombe. Usichokiweza ni maji yanayotuama mizizini; kivulini nako hukua, ila maua huwa haba.

Miche inauzwa, tena kwa bei nafuu, lakini nilipendelea mbegu. Mwezi wa Oktoba, matunda yalipokwisha kuiva na kuwa mekundu, niliyaponda ndani ya ndoo ya maji na kuyasugua kwenye chujio mpaka zikabaki kokwa tupu. Kiini cha kokwa hizo hakiamki mpaka kipitiwe na joto la kiangazi na kisha baridi kali, kwa hiyo aghalabu huchipua baada ya miezi 18 hivi. Nilizichanganya na mchanga wenye unyevu katika chungu chenye matundu, nikafunika kwa wavu wa chuma ili panya wasizile, nikakiacha nje.

Matunda hayo yalitoka kwenye mti mmoja uliosimama peke yake mahali nilipokusudia kupitisha njia ya gari. Jirani yangu, mzee mwenye trekta, alikataa katakata kuung'oa, akisema kwamba hothoni ya pekee ni mali ya "watu wema", viumbe wasioonekana, na anayeikata hujitafutia balaa. Sikumcheka, maana kwetu pwani nako ipo mibuyu ambayo hakuna fundi atakayekubali kuigusa. Mwaka 1999, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alisimama kidete kuitetea hothoni ya Latoon, katika kaunti hii hii, na barabara kuu iliyokuwa ikijengwa ikapangwa upya ili mti usalie. Njia yangu nayo ikapinda.

Mzee huyo pia alitukataza kuingiza maua ya hothoni ndani ya nyumba, kwamba huleta kifo. Hilo lina chanzo unachoweza kukinusa: maua hayo yana trimethilamini, kemikali inayopatikana pia katika nyama inayooza.

Miche ilipokomaa niliihamisha wakati wa baridi, ikiwa haina majani, katika safu mbili zinazopishana, sentimita 30 kati ya mche na mche, kisha nikaikata nusu ya urefu ili itoe matawi tangu chini. Sasa napogoa upande mmoja tu kila mwaka, kwa kuwa maua hayatoki kwenye vitawi vya mwaka huo huo, na sigusi kitu kati ya Machi 1 na Agosti 31, kipindi ambacho sheria ya huku inalinda ndege walio viotani.