Siku Yangu Moja Karakanani Unga Limited: Kuchagua Holda za Mashine ya Kukereza ya Kompyuta

Saa 1:00 asubuhi nilikuwa nimekwisha kufungua karakana yetu hapa mtaa wa Unga Limited, Arusha, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika wingu, na kabla ya kuwasha mashine nilivuta droo ya holda nikazipanga zote juu ya meza. Holda ni kile chuma kinachoshika tipu ya kukatia katika mashine ya kukereza, na kazi yangu ya siku ilikuwa kuandika orodha ya zile tutakazoagiza kwa ajili ya shafti 24 za mashine za kumenya kahawa, pamoja na bushi zake za shaba nyeusi, yaani mirija ambamo shafti huzungukia. Nilidhamiria kumwonyesha mwenye karakana kwamba fedha ya holda haipaswi kuwa ile inayobaki baada ya vingine vyote kununuliwa.

Saa 2:00 aliingia kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo usome hapa ubavuni."

Ilikuwa imechorwa PCLNR 2525M12. Nilimweleza kwamba P ni namna tipu inavyobanwa, yaani kwa kiwiko kinachoivuta kupitia tundu lake. C ni umbo la tipu lenye pembe ya digrii 80. L ni mwelekeo wa digrii 95, ambao ndio unaotuwezesha kukata ubavu na uso kwa holda ileile. N ni tipu isiyo na mshazari ubavuni. R ni mkono wa kulia. Kisha 2525 ni kimo na upana wa shina kwa milimita, M ni urefu wa milimita 150, na 12 ni urefu wa ukingo wa tipu. Anayejua kusoma mstari huo hadanganywi na picha ya tangazo.

Saa 3:30 tulikwenda kwenye mashine yenyewe, kwa sababu uchaguzi huanzia kwenye tareti, kile kichwa kinachozunguka ambacho holda hufungwa, na si kwenye orodha ya muuzaji. Tareti yetu iko nyuma ya kazi, yaani kile chuma kinachokerezwa, na nafasi zake zinapokea shina la milimita 25. Sisi hufunga tipu ikitazama chini, chaki, yaani kibanio kinachoshika na kuzungusha kazi, ikizunguka kwa mwelekeo wa kawaida, ili mabaki ya chuma yaanguke badala ya kulundikana juu ya kazi; kwa mpangilio huo, kukata kuelekea kwenye chaki kunahitaji holda ya mkono wa kulia. Tipu ikitazama juu, ingebidi kuzungusha chaki kinyume na kutumia ya kushoto. Mwaka jana karakana yetu ilinunua holda tano za kushoto kwa kuvutiwa na bei bila mtu yeyote kwenda kusimama mbele ya tareti, na mpaka leo hazijakata hata shafti moja. Jambo hilo bado linaniuma.

Saa 5:00 tulibishana kuhusu umbo la tipu. Kijana alipendekeza W, ile yenye pembetatu iliyovimba, kwa kuwa ina kingo 6 ilhali C ina 4 katika holda hii. Hoja yake ni nzuri, na kwa kukata kina kidogo ningemkubalia bila kusita. Lakini ukingo wa W ya saizi inayolingana na hiyo ni milimita 8 tu, nasi tunaanza na nondo nene ambayo hatuna budi kuipunguza kwa kina kikubwa. Tena tipu za C ndizo tunazozipata kwa urahisi zaidi, ziwe zimetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa basi la kupitia Namanga. Niliandika C kwa kazi nzito, na D ya digrii 55 kwa kumalizia mahali ambapo shafti inapungua unene. Ile ya digrii 35 niliiacha, kwa kuwa ncha yake ni dhaifu na kazi hii haina kona nyembamba kiasi hicho.

Baada ya chakula, saa 8:00, tulikutana na tatizo lililokula muda kuliko yote. Bushi ina tundu la milimita 30 na urefu wa milimita 90. Holda ya ndani, yaani ile ya kukerezea tundu, yenye shina la milimita 20 inaingia vizuri, lakini ingening'inia nje zaidi ya milimita 90, na kwa shina la chuma cha kawaida sipendi kuvuka mara 4 ya kipenyo, yaani milimita 80. Urefu ukiongezeka maradufu, shina hupinda mara 8 zaidi kwa nguvu ileile. Hapo huanza kutetema, na alama za mtetemo hubaki ndani ya tundu. Shina la milimita 25 lisingeacha nafasi ya mabaki kutoka. Shina la kabaidi, ambayo haipindi kwa urahisi kama chuma, lingeweza, ila bei yake haiendani na kazi ya bushi chache. Kukata nusu kisha kugeuza kipande kungehatarisha mstari wa katikati.

Nilimpigia simu mama wa Arumeru anayesimamia mashine hizo za kahawa.

"Mama, shikamoo. Bushi hii ningependa kuigawa ziwe mbili za milimita 44, katikati tuache nafasi ndogo ya grisi."

Alitaka kujua kama shafti itabeba uzito uleule. Nilimweleza kwamba eneo la kubebea linapungua kidogo sana, na kwamba grisi itafika katikati vizuri zaidi. Alizungumza na fundi wake, kisha akapiga kunikubalia. Shina la kawaida likatosha.

Saa 10:00 tulizungusha tareti taratibu, holda ya ndani tuliyonayo ikiwa imefungwa, kuhakikisha haigongi chaki wakati holda jirani inakata.

Saa 11:15 mwenye karakana alisoma orodha na kuniuliza kwa nini nimeandika pia viwiko, skrubu na vile vibati vinavyokaa chini ya tipu. Nilimwonyesha holda ya zamani ambayo kibati chake kilipasuka, kazi ikaendelea hivyohivyo, mpaka kitako cha holda kikaliwa na holda yote ikaharibika. Alisaini. Kijana akazikusanya zile tano za kushoto, akaziweka katika sanduku lake, na juu ya kifuniko akaandika kwa rangi nyekundu: MKONO WA KUSHOTO.