Hogo la Frida

Hogo la kwanza, yaani ganda gumu la plasta la kufunga kiwiliwili, tulilipasua kabla halijagusa rangi. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, kwenye banda la mazoezi Dar es Salaam, na kosa lilikuwa letu mafundi wa vifaa vya jukwaani.

Mchezo ulimhusu Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko. Polio ilimpata akiwa na miaka 6, kisha tarehe 17 Septemba 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu, uti wa mgongo ukavunjika. Tangu hapo alivalishwa korseti, vazi gumu la kushikilia kiwiliwili, za kila aina: za ngozi, za chuma, za plasta. Zile za plasta alizichora mwenyewe, na baadhi zimehifadhiwa hadi leo katika nyumba yake ya Coyoacán, jijini Mexico City. Mwigizaji wetu naye aliumia uti kwa ajali ya bodaboda, anatumia kiti cha magurudumu. Mazoezini wote tulimwita Frida, naye akaitika.

Onyesho lilitaka avae hogo jeupe, alichore mbele ya watu huku akijitazama kwenye kioo. Sisi tukamlaza chali mezani, tukamviringa, tukajipongeza. Alipokaa kitini, mambo yakabadilika. Mtu akikaa mbavu hushuka, tumbo hujaa mbele, paja hupanda. Ukingo wa chini ukamkaba nyonga, wa juu ukamsukuma kwapani hata asiweze kusukuma magurudumu.

"Fundi," akasema, "kwani jukwaani nalala?"

Tulipolikata ndipo tukaona mstari mwekundu kwenye nyonga. Yeye hakuwa amesikia kitu. Chini ya kifua hasikii mchomo wala joto. Ngozi nyekundu ukiibonyeza kwa kidole na isigeuke nyeupe hata sekunde moja, tayari imeanza kuumia, na ndiyo mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Kazi ilisimama mpaka wekundu ukaisha, na mara ya pili tukamwita mtaalamu wa kufunga mahogo asimamie.

Yeye alituanzisha upya. Frida akae kwenye kiti chake mwenyewe, mikono kwenye magurudumu kama anayetaka kuondoka. Fulana ya pamba isiyo na mshono, imevutwa isiwe na mkunjo hata mmoja. Chini ya fulana, juu ya tumbo, taulo dogo lililokunjwa, ambalo huchomolewa plasta ikishakaza ili pabaki nafasi ya kula na kupumua. Ukingo wa chini uishie vidole viwili juu ya paja, wa juu vidole viwili chini ya kwapa.

Bandeji za plasta zilikuwa roli 8 za upana wa sentimita 15. Roli unaizamisha kwa mshazari, unangoja mapovu yaishe, unaiminya kidogo tu. Ukiikamua kama nguo, jasi, ule unga wa plasta, yote inabaki ndooni. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Maji yawe ya kawaida, ya bombani. Haraka yetu ya mara ya kwanza ilitufanya tutumie ya moto ili plasta ikaze upesi, na hilo lilimtisha yule mtaalamu kuliko kitu kingine chochote. Jasi inapokaza hutoa joto lake yenyewe. Ongeza maji ya moto na tabaka nene, unamuunguza mtu ambaye hawezi hata kukuambia. Kuilainisha unaisugua kwa kiganja kizima, kamwe si kwa ncha za vidole, maana kila shimo la kidole nje ni kinundu ndani.

Ilipokaza tuliikata ubavuni pande zote mbili kwa mkasi wa ncha butu, tukapata magamba mawili. Kingo tukazivika sponji, ubavuni tukatia mikanda ya turubai yenye bizimu.

Halafu kukausha, na masika hayana huruma. Siku ya pili kijana mmoja alijaribu rangi ya maji ya ukutani kwenye kona. Asubuhi ikabanduka kama ganda la yai, kwa kuwa unyevu ulikuwa bado unatoka ndani. Feni ilizunguka siku 5. Kipimo chetu kilikuwa shavu: plasta mbichi ni baridi usoni. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inajibu kwa sauti nzito. Kavu inalia kama kigae.

Lile bovu Frida alikataa litupwe. Alilifanyia mazoezi ya kuchora kwa kioo, kwa sababu mkono unaotazamwa kiooni hukosea upande kila mara, na mchoro wa nguzo aliotaka uwe katikati ya kifua ulikwenda ubavuni siku tatu mfululizo. Usiku wa kwanza wa onyesho alivaa lile zuri dakika 12. Taa zilipozimwa, dada wa mavazi alikuwa tayari nyuma ya pazia na tochi: akafungua bizimu, akainua fulana, akabonyeza nyonga ya kulia, akabonyeza ya kushoto.

"Nyeupe," akasema. "Kesho tena."